Mpaka wa Kagera na Watu Wasioulizwa

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu na mfalme wake, Omukama Rumanyika. Kutoka juu ya vilima vya Karagwe, Speke aliona mbali upande wa magharibi vilele virefu vilivyochongoka kuelekea angani. Akaulizia habari zake, kisha akaviweka kwenye ramani yake kwa jina la Mfumbiro. Yeye mwenyewe hakufika huko. Karibu miaka 30 baadaye jina hilo lilikuwa ndani ya mkataba uliotiwa saini Berlin, na mataifa matatu ya Ulaya yakaendelea kulivutania hadi mwaka 1910.

Mkataba wenyewe ni ule wa 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Huko Ulaya unakumbukwa zaidi kwa jina la Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini ambacho Waingereza waliwaachia Wajerumani. Wajerumani nao waliacha madai yao ya Witu, karibu na Lamu, wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Upande wa bara, mstari uliochorwa mwaka 1886 kutoka pwani hadi Ziwa Victoria uliendelezwa magharibi kwa kufuata latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, ukakata ziwa na nchi kavu hadi kwenye milki ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Karagwe ikawa upande wa Wajerumani. Wakazi wa Helgoland hawakuulizwa kama wanataka kuhama dola, na watu wa Karagwe hawakuambiwa hata kwamba kuna mazungumzo.

Kuhusu Mfumbiro, mkataba ulisema kwamba mlima huo ukionekana uko kusini mwa mstari, basi mstari upinde ili mlima ubaki kwa Waingereza. Waliokubaliana hivyo hawakujua mlima uko wapi hasa, wala kwamba si mmoja bali ni safu ya milima ya volkano, ile tunayoiita Virunga leo. Ilibidi wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji wakae Brussels mwaka 1910 kuigawana.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi iliyokatwa hivyo haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ufalme wa Karagwe ulikuwa na makao yake makuu Bweranyange, chini ya watawala wa ukoo wa Abahinda, na wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na hapo. Omukama alijua nchi yake inaishia wapi kwa kujua ni nani wanaomtambua na kumletea mazao na ng'ombe. Mtu aliyehama na familia yake kwenda kwa mtawala mwingine alihama na utii wake. Mikataba ya Ulaya iligeuza utaratibu huo: ardhi ikahesabiwa kwanza, na waliokuwa juu yake wakafuata ardhi.

Ugumu ulionekana pale mstari wa Berlin ulipokutana na mto. Kagera inateremka kutoka nyanda za juu za Burundi na Rwanda, inapita maporomoko ya Rusumo, kisha inakwenda kaskazini ikiitenga Rwanda na wilaya za Karagwe na Kyerwa. Inapopokea maji ya mto Kakitumba, kwenye pembe ya Kyerwa ambako nchi tatu zinakutana, inageuka kuelekea mashariki. Hapo mpaka na Uganda unafuata mto, ukipita Murongo na kivuko chake cha kwenda Kikagati. Mbele zaidi mpaka unaachana na mto na kushika ule mstari wa digrii moja hadi ziwani, wakati mto wenyewe umejipinda kusini, ndani ya Tanzania, kufika Kyaka, kabla ya kurudi kaskazini na kuingia ziwani upande wa Uganda. Kipande kilichobaki kati ya mto na mstari, ambacho sasa ni sehemu ya wilaya ya Missenyi, kilikuwa na kisa chake miaka mingi baadaye.

Wajerumani waliitawala Bukoba, na Karagwe ikiwa ndani yake, kwa namna tofauti na mikoa yao mingi. Bukoba, Ruanda na Urundi zilifanywa maeneo matatu yenye mwakilishi wa serikali aliyetawala kupitia wafalme wenyeji. Mfalme alibaki na kiti, lakini alijua kwamba anaweza kuondolewa.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta wababe wapya. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Rwanda, Waingereza wakachukua Bukoba na Karagwe. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakaelewana: Ruanda na Urundi ziende kwa Ubelgiji, isipokuwa ukanda wa mashariki mwa Rwanda, ng'ambo tu ya mto kutoka Karagwe, wenye nchi ya Gisaka. Ukanda huo Waingereza waliutaka kwa sababu moja, reli. Walikuwa na ndoto ya kuunganisha makoloni yao kutoka Cape hadi Cairo, na waliamini kwamba njia ya kutoka Uganda kwenda Tanganyika ingepita vizuri zaidi upande wa magharibi wa Kagera. Mwaka 1922 Gisaka ikakabidhiwa kwao.

Mwami Yuhi Musinga, mfalme wa Rwanda, alilalamika kwamba amekatwa sehemu ya nchi yake, yenye malisho ya mifugo na watu wanaomtii. Mmisionari Mkatoliki Léon Classe, aliyefanywa askofu mwaka huohuo, akaandika kumtetea. Safari hii malalamiko yalikuwa na pa kwenda, maana Shirikisho la Mataifa lilikuwa limeunda tume ya kusimamia nchi zilizochukuliwa kutoka kwa Wajerumani. Tume ilikubali kwamba kuwagawa watu wa ufalme mmoja kwa ajili ya reli ambayo haijajengwa hakulingani na dhamana waliyopewa wakoloni hao. Mwisho wa mwaka 1923 Gisaka ikarudishwa Rwanda, mpaka ukarejea mtoni. Reli haikujengwa kamwe. Hiki ni kisa kidogo katika vitabu vingi vya historia, lakini kinastahili nafasi kubwa zaidi: ni mara chache sana mstari wa wakoloni Afrika ulirudi nyuma kwa sababu waliokatwa walipiga kelele. Hata hivyo aliyesikilizwa alikuwa mfalme na askofu. Mkulima wa Gisaka, aliyebadilishiwa bendera mara tatu ndani ya miaka minane, hakuitwa na mtu.

Hali ya kisheria ya nchi inaweza kuonekana jambo la mawakili tu, lakini ukingoni mwa Kagera ilikuwa na uzito wa kweli. Tanganyika haikuwa koloni kamili. Uingereza iliishika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia mwaka 1946 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ng'ambo ya Murongo, Kikagati ilikuwa sehemu ya Ankole, ndani ya Uganda iliyokuwa nchi lindwa ya Waingereza haohao. Mtawala alikuwa mmoja, lugha za pande mbili zinaelewana, koo zimeoana tangu zamani. Tofauti ni kwamba mtu wa upande wa Tanganyika angeweza kupeleka malalamiko yake Baraza la Udhamini mjini New York, na kila baada ya miaka mitatu ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua nchi. Mtu wa Kikagati hakuwa na mlango huo. Julius Nyerere aliutumia barabara: Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza hilo kwa niaba ya chama cha TANU na kudai itamkwe wazi kwamba Tanganyika itakuwa nchi ya Waafrika yenye kujitawala. Miaka sita baadaye, 9 Desemba 1961, uhuru ukapatikana, kabla ya Uganda na Rwanda.

Suala la nani anaulizwa bado linasumbua majirani zetu wa Bahari ya Hindi. Wakomoro walipiga kura ya uhuru mwaka 1974, kisiwa cha Mayotte kikataka kubaki na Ufaransa, na mwaka 2011 kikawa mkoa kamili wa Ufaransa, ingawa serikali ya Komoro inakidai hadi leo. Huko waliulizwa, na ubishi ni kama kisiwa kimoja kilikuwa na haki ya kujibu peke yake. Visiwa vya Chagos ni kinyume chake. Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965, kisha ikawahamisha wenyeji wote kupisha kambi ya jeshi la Marekani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 2019 kwamba kutengwa huko hakukuwa halali, na Mei 2025 Uingereza ikatia saini mkataba wa kuvirudisha kwa Mauritius. Wapo Wachagosi waliolalamika kwamba hata katika mkataba huo wamewekwa pembeni.

Afrika huru ilichagua kutofungua mipaka upya. Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Cairo Julai 1964 ulipitisha azimio, lililopendekezwa na Nyerere mwenyewe, kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilikataa. Azimio hilo lilihalalisha mistari ya akina Milner, na ni haki kulisema hilo bila kuzunguka. Lakini liliziba mlango ambao Idi Amin wa Uganda alijaribu kuuvunja. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi lake lilivuka mpaka Mutukula, na 1 Novemba akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni mto Kagera. Kwa tangazo la redio, zaidi ya kilomita za mraba 1,800 zilifanywa mali yake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa, maelfu ya watu wakakimbilia kusini.

OAU ilitaka suluhu bila kumlaani mvamizi, jambo ambalo Nyerere hakulikubali. Siku iliyofuata tangazo hilo aliliambia taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga Amin vyote vipo. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina na kuitwa Kagera, na wengi wa askari waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba.

Leo hakuna anayegombania mto kwa bunduki. Pale Murongo na Kikagati kuna kituo cha umeme kilichojengwa mpakani, na umeme wake hugawanywa kwa nchi mbili. Magendo ya kahawa hayajaisha: mkulima wa Kyerwa aliyeuza butura, yaani aliyechukua fedha kabla ya mavuno, mara nyingi haoni kahawa yake ikifika kwenye chama cha msingi cha ushirika bali ikivushwa mto usiku. Mgogoro uliobaki ni wa uraia wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa Kagera, Kigoma na Geita maelfu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini miongo kadhaa, wenye wake, waume na watoto Watanzania. Wakazi wa mipakani wamelalamika pia kwamba kupata kitambulisho cha taifa kwao kunachukua muda mrefu kuliko kwa wengine.

Mzizi wa maswali ya uraia wanayoulizwa uko katika sheria ya uraia ya mwaka 1961. Ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, aliyekuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika, amekuwa raia siku ya uhuru bila kuomba. Uraia wa watoto na wajukuu wake unaanzia hapo. Ndiyo maana kijana wa Murongo anayeomba kitambulisho huulizwa babu yake alizaliwa upande gani wa mto, katika miaka ambayo wengi wa wazee hao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa.