Mtoto wa nyoka lazima awe nyoka? Katuni ya Marekani yenye swali la Tanganyika

ZONGWE, KALEMIE – "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Hapa Zongwe, kama kwingine katika jimbo la Tanganyika, methali hii haihitaji kufafanuliwa. Ikitajwa, kila mtu anaelewa kwamba kijana amehukumiwa kwa sababu ya baba yake. Zaidi ya miaka 20 iliyopita, mbali kabisa na Ziwa Tanganyika, Wamarekani walianza kutoa katuni inayobishana na wazo hilo tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho.

Katuni hiyo, au BD kama wengi wanavyosema Kongo, inaitwa Runaways, maana yake "waliotoroka". Ilianza kutolewa mwaka 2003 na kampuni ya Marvel, ile ile ya Spider-Man. Mwandishi wake ni Brian K. Vaughan, na mchoraji wake wa kwanza ni Adrian Alphona. Kati ya mwaka 2017 na 2019 hadithi hiyo ilionyeshwa pia kama filamu ya mfululizo.

Usiku wa mkutano

Vijana sita wa mji wa Los Angeles wanajuana kwa sababu moja tu: wazazi wao hukutana mara moja kila mwaka. Watoto wameambiwa kwamba ni mkutano wa kusaidia maskini. Usiku mmoja wanachungulia kwa siri, na wanawaona baba na mama zao wakimuua msichana kama kafara. Wale wazazi wanaoheshimiwa mjini ni kundi la wahalifu. Kuna majambazi, wachawi, wanasayansi waovu, hata watu waliotoka sayari nyingine. Utajiri wa nyumba zile umelipwa kwa damu ya watu.

Watoto wanatoroka. Wanataka kusema walichokiona, lakini polisi wa mji wako mikononi mwa wazazi. Kabla vijana hawajasikilizwa, habari inageuzwa: wao ndio wanatafutwa, eti wameua na wameiba mtoto. Shahidi amefanywa mshitakiwa.

Wazazi hao hawachukii watoto wao. Wanawapenda, na wanajiambia kwamba uovu wote wanaufanya ili watoto wao wapate maisha mazuri. Hapo ndipo hadithi inapouma. Mmoja wa vijana, Alex, mwenye akili kuliko wenzake, mwishowe anagundulika kuwa alikuwa upande wa wazazi wake muda wote. Aliwasaliti rafiki zake kwa kuwapenda baba na mama. Wenzake wanafanya kinyume. Nico anapata fimbo ya uchawi kutoka kwa mama yake, Chase anachukua silaha zilizotengenezwa na wazazi wake, na vyote wanavitumia kuwaokoa watu. Urithi ni ule ule, lakini matumizi wameyachagua wenyewe.

Kidole kinapoelekezwa kwa mtoto

Msomaji wa Kongo akifika kwenye ukurasa ule wa kafara, atashituka kwa sababu yake mwenyewe. Katika katuni, watoto ndio wanaogundua kwamba wazazi ni wachawi. Kongo, mara nyingi mambo yanakwenda kinyume. Mtu anaugua, biashara inaanguka, mtoto mchanga anafariki, na mkubwa mmoja wa nyumba anasema: ni huyu mtoto. Aghalabu anayetajwa ni yatima, au mtoto wa kambo, au yule mwenye kilema. Anafukuzwa, anapigwa, analala barabarani. Naye pia, kama wale vijana wa Los Angeles, akisema kitu hakuna anayemwamini.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtesa mtoto, kumtupa na kumshitaki uchawi. Baadaye ilikuja sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto. Sheria hiyo inamhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18. Inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, na ndiyo iliyoanzisha mahakama za watoto. Mzazi hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba mtoto ni wake.

Lakini sheria inaanza kufanya kazi pale mkubwa mmoja anapomsikiliza mtoto: mwalimu, muuguzi, shangazi, chifu. Katika Runaways, wakubwa wa namna hiyo ni wachache sana. Ndiyo maana watoto wanaishi mafichoni.

Vita vya wakubwa

Methali ya nyoka ina uzito mwingine Tanganyika. Kuanzia mwaka 2016, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalisambaa katika jimbo. Vijiji vilichomwa, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao, wengi wao wakaja kujenga vibanda vya nyasi pembeni ya mji wa Kalemie. Mwezi wa pili 2017 kulifanyika Kalemie kongamano la kupatanisha jamii hizo mbili. Wakati wa mapigano, mtoto hakuulizwa amefanya nini. Aliulizwa baba yake ni wa kabila gani. Wengine walipewa mishale wakiwa bado wadogo, na wakaambiwa kwamba kukataa ni kuwasaliti wazee. Ni swali lile lile la Alex na Nico, ila hapa si katuni.

Ziwa hili nalo lina katuni yake. Mwaka 2014 Barly Baruti, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa Kisangani, alitoa Madame Livingstone pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Hadithi ni ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakati Wabelgiji walipotaka kuizamisha meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo baadaye ilijulikana kama Liemba. Ofisa Mbelgiji anaongozwa na mwenyeji chotara anayevaa sketi ya Waskoti, anayesema kwamba ni mtoto wa Livingstone. Watu wanamcheka kwa jina la baba anayedai kuwa wake. Ofisa anapomsikiliza, anaanza kuiona koloni kwa macho mengine.

Katuni hizi mbili hazimfundishi mtoto kumdharau mzazi. Vijana wa Runaways wanalia kwa ajili ya baba na mama zao hata baada ya kupigana nao. Wanachokataa ni kuendeleza kazi yao. Kwa mzazi wa Tanganyika, jambo la kujiuliza ni dogo lakini zito: siku mtoto atakaporudi nyumbani na kusema "nimeona jambo baya", je, ataulizwa ameona nini, au ataulizwa nani amemroga?