Mshale wa Pili: Mafundisho ya Buddha na Maumivu Sugu

Buddha alimfananisha mwenye maumivu na mtu aliyechomwa mshale. Asiyejifunza kuituliza nafsi huchomwa mara mbili: mshale wa kwanza ni maumivu ya mwili, wa pili ni hofu na majonzi yanayofuata. Aliyejifunza huumia pia, lakini kwa mshale mmoja tu.

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki nane yaliyotokana na mazoezi ya Kibuddha, bila kumtaka mgonjwa abadili dini. Mgonjwa huketi kwa utulivu na kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakitangatanga, huyarudisha bila kujilaumu. Mwaka 2017, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliyataja mafunzo hayo miongoni mwa tiba za kuanzia kwa maumivu sugu ya mgongo.

Mazoezi haya hayaung’oi mshale wa kwanza. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu yake. Akipata ganzi, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia haja, awahi hospitali.

Mhudumu wa afya naye asiishie kuuliza, “Unaumwa wapi?” Aulize pia, “Maumivu haya yanakutia hofu gani?” Anayedhani atapooza huogopa kuinama, hukosa usingizi, na mgongo huzidi kukakamaa. Hofu hiyo si kosa lake. Kuisikiliza na kuijibu kwa ukweli ni sehemu ya tiba.