Mchezo usio na mshindi, ila una wenyewe

Katika michezo mingi ya mezani, mtu huketi ili amshinde mwenzake. Mcheza bao hufurahi akizimaliza kete za mpinzani, mcheza karata huficha alichoshika, na mcheza drafti husubiri kosa la aliye mbele yake. Lakini upo mchezo mmoja uliozaliwa Marekani nusu karne iliyopita ambao watu wanne au watano huucheza kwa saa tatu au nne, na wakiinuka hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Wapenzi wake hawaoni hilo kuwa upungufu. Kwao, hiyo ndiyo sababu ya kurudi wiki inayofuata.

Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mahandaki na Majoka. Ndio mama wa michezo yote ya kuigiza inayochezwa mezani. Vifaa vyake ni vichache: kitabu cha kanuni, karatasi, penseli na dadu.

Mmoja wa marafiki huwa msimamizi. Yeye ndiye anayeijua nchi ya kubuni wanamosafiri, majoka yake, wafalme wake na siri zake. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake: huyu shujaa wa upanga, yule mchawi, mwingine mwizi mwenye vidole vyepesi. Nguvu, akili na wepesi wa mhusika huandikwa kwa namba kwenye karatasi yake.

Msimamizi anaeleza kwamba wasafiri wamefika kwenye daraja lililokatika, usiku unaingia, na ng'ambo kuna moto unawaka. Kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa jepesi, linakubaliwa. Likiwa la mashaka, kama kuruka pengo lile, dadu yenye pande 20 inarushwa. Namba kubwa inamvusha. Namba ndogo inamtosa mtoni, na hadithi inageukia upande ambao hata msimamizi hakuutarajia.

Mtu aliyekulia kwenye paukwa na pakawa ataona kitu anachokifahamu hapa. Tofauti ni kwamba msimulizi haijui hadithi yake itaishaje, na wasikilizaji wana haki ya kuivuruga.

Ulizaliwa kati ya marafiki

Haki hiyo ya kuvuruga ndiyo iliyouzaa mchezo wenyewe. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita vya enzi za Napoleon. Badala ya kuwapa majeshi tu, aliwapa baadhi yao nafasi za watu wa mjini, kila mtu na lengo lake. Wachezaji wakaanza kuzunguka, kunong'onezana na kupanga njama, na utaratibu wote ukamponyoka. Wesely aliamini ameharibu. Wenzake wakamtaka aandae mwingine.

Mmoja wa kundi hilo, Dave Arneson, alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, yenye ngome, mahandaki na mazimwi. Mwishoni mwa 1972 alisafiri hadi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax. Huyu alikuwa mfanyakazi wa zamani wa bima ambaye wakati huo alikuwa akishona viatu nyumbani kwake na kuandika kanuni za michezo ya vita. Arneson alikuwa na mawazo na uzoefu wa kuyachezesha. Gygax aliyapanga yakawa kanuni za maandishi.

Oktoba 1973, Gygax na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni ndogo ya TSR. Januari 1974 wakatoa nakala 1,000 za mchezo, kila kisanduku dola 10, zikipangwa kwa mikono nyumbani. Ziliisha kwa muda usiofika mwaka. Mwishoni mwa vijitabu vile vitatu vya kwanza, wasomaji walihimizwa wajiamulie wenyewe namna ya kucheza, wasingoje waandishi wawabunie kila kitu. Tangu siku ya kwanza, basi, mchezo ulikabidhiwa walioketi mezani.

Waliouanzisha walishindwa kugawana

Kilichofuata ni somo chungu. Don Kaye alifariki kwa ugonjwa wa moyo Januari 1975, akiwa na umri wa miaka 36, kabla ya kuona mchezo ukivuma. Arneson alijiunga na kampuni mwaka 1976 na kuondoka kabla mwaka haujaisha. Kampuni ilipotoa toleo jipya la mchezo na kutomlipa mrabaha wake, alikwenda mahakamani mwaka 1979. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1981. Watu wawili waliowafundisha wengine kutunga hadithi kwa pamoja walihitaji mawakili ili kuamua hadithi yao wenyewe ni ya nani.

Gygax naye hakudumu. Oktoba 1985 hisa za wabia wake zilinunuliwa na mtu mwingine, akapoteza usukani wa kampuni, na mwaka uliofuata akaondoka. TSR iliuzwa kwa Wizards of the Coast mwaka 1997, na kampuni hiyo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Gygax alifariki Machi 2008, Arneson Aprili 2009.

Mchezo haukutetereka kwa sababu mmoja wao alitoka ofisini. Ulikuwa ukiendelea jikoni, mabwenini na vyumba vya chini vya nyumba, mahali ambapo hakuna mwenye hisa.

Kila meza na maoni yake

Wanaoucheza hawakubaliani juu ya namna bora ya kuucheza, na mabishano hayo ni sehemu ya utamu wake. Wapo wanaoshikilia kanuni: dadu ikisema mhusika amekufa, amekufa, hata kama mwenyewe ameishi naye miaka miwili. Bila hatari ya kweli, wanasema, ushindi wote ni wa bandia. Wengine huona kanuni ni kijakazi wa hadithi, na msimamizi mwenye busara anajua lini pa kulegeza. Kila upande una hoja. Ugomvi huzuka pale watu wa pande mbili wanapoketi meza moja bila kuambiana.

Ndiyo maana makundi mengi siku hizi huanza na kikao cha maandalizi kabla ya safari yenyewe. Hapo huamuliwa hadithi itakuwa ya kuchekesha au ya kutisha, kifo kitachukuliwaje, na mambo gani hayataguswa kwa sababu yanamuumiza mmoja wao. Wenye mtazamo wa zamani huyaona hayo kuwa udhaifu. Lakini wanaocheza na mtu aliyefiwa karibuni wanajua kwamba mzaha juu ya kaburi unaweza kuvunja zaidi ya mchezo.

Mjadala mwingine umeletwa na umaarufu. Tangu 2015, kundi la waigizaji wa sauti wa Los Angeles, Critical Role, huonyesha vikao vyao kwenye intaneti, kwa miaka mingi wakiwa wameongozwa na Matthew Mercer. Mwaka 2019 mashabiki walilichangia zaidi ya dola milioni 11 kutengeneza filamu ya katuni. Kundi hilo limewavuta wengi mezani, lakini limewaachia wasimamizi wa nyumbani mzigo: wageni hufika wakitarajia sauti kumi tofauti na machozi ya kitaalamu. Rafiki anayesimamia baada ya kutoka kazini hana studio. Ana chai, daftari na jioni moja, na wanaofurahia anachokiweza ndio hudumu naye.

Wachezaji husema kwa utani kwamba adui mkubwa si joka bali kalenda. Mmoja amepata mtoto, mwingine amehamishwa kituo cha kazi, wa tatu anafanya zamu ya usiku. Wakati wa janga la korona mwaka 2020, makundi mengi yalihamia kwenye simu za video ili yasisambaratike. Mtu mzima hukutana na rafiki zake kwenye harusi na misiba. Mchezo huu humpa sababu ya kuwaona Alhamisi ya kawaida, bila aliyeoa wala aliyefariki.

Kanuni zikawa za wote

Swali la mwenye mchezo lilirudi kwa kishindo Januari 2023. Tangu mwaka 2000, leseni ya wazi iliruhusu watu wengine kuchapisha kazi zinazotumia kanuni za msingi za mchezo, na kampuni ndogo nyingi zilijengwa juu yake. Ilipovuja kwamba Wizards of the Coast inakusudia kuibadilisha, pamoja na kutoza mrabaha wachapishaji wenye mapato makubwa, wachezaji walikasirika na wengi wakafuta usajili wao wa kulipia kwenye mtandao wa kampuni. Kabla mwezi haujaisha, kampuni ilirudi nyuma. Iliweka waraka wa kanuni za msingi, wenye kurasa zaidi ya 400, chini ya leseni ya Creative Commons isiyoweza kufutwa.

Hapo habari hii ya Marekani inavuka bahari. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuusoma waraka bure, kuunakili, kuurekebisha na kuutafsiri, mradi ataje ulikotoka. Kampuni yenyewe imeutoa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, lakini mtu wa Kigali, Bujumbura, Mombasa au Mwanza hahitaji ruhusa ya ofisi yoyote kukiingiza, wala kuyaondoa majoka ya Ulaya na kuweka mazimwi aliyosimuliwa na bibi yake.

Asiye na dadu ya pande 20 anaweza kukata vipande 20 vya karatasi, akaviandika namba, akavitia kofiani na kuchota kimoja, akikirudisha kila mara. Kanuni anaweza kuzipakua kwenye simu. Kazi ngumu itakayobaki ni kuwapata watu wanne watakaokubali kuacha simu hizo kando, saa tatu, kila wiki, na kufika.