Mawingu ya Ncha za Dunia na Chembe za Hewani

Mwanafunzi afasiriye matini ya elimu ya hewa hukwama mapema kwenye neno erosoli. Wengi huandika «vumbi», na hapo maana huharibika. Erosoli ni chembe yoyote, ngumu au ya majimaji, ieleayo hewani: vumbi, naam, lakini pia chumvi ya bahari, masizi na tindikali ya salfa. Mimi nasema «chembe za hewani», na mawingu ya Aktiki yatanitetea.

Mvuke haugeuki tone la wingu hivi hivi. Huhitaji chembe ya kushikamana nayo. Chembe zikiwa nyingi, maji yale yale hugawanyika katika matone mengi madogo, na wingu hurudisha nuru ya jua kwa nguvu zaidi.

Lakini Aktiki ina jambo la ajabu. Matone hubaki majimaji hata chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, hadi karibu -38, yasipopata chembe maalumu, kama zile za udongo, za kuanzishia barafu. Zipatikanapo, vipande vya barafu hukua kwa kunyonya mvuke utokao kwenye matone, huanguka kama theluji, na wingu hupungua. Basi chembe za aina moja hulijenga wingu, za aina nyingine hulibomoa. Atakayeziita zote «vumbi» ataelezaje tofauti hiyo?

Na wingu likitoweka? Sisi wa nchi za joto tungejibu: jua litachoma. Juu ya barafu nyeupe, kwa sehemu kubwa ya mwaka, sivyo. Barafu yenyewe hurudisha nuru; kazi kubwa ya wingu ni kuzuia joto la chini lisipotee angani, mfano wa blanketi. Wakati wa kiangazi hewa ya huko huweza kuwa safi mno, hata wingu likakosa chembe na kutoweka. Mwisho wa majira ya baridi, kinyume chake, moshi wa viwanda vya Ulaya na Asia hufika huko. Marubani waliuona ukungu wake tangu miaka ya 1950.

Kuzunguka Antaktika, vijimea vya baharini hutoa gesi ya salfa igeukayo chembe, ila zile za kuanzishia barafu ni haba. Programu za kompyuta zilizoyagandisha mawingu ya huko upesi mno ziliruhusu jua kupita kiasi kufika baharini. Ndiyo sababu vipimo vya mahali penyewe vina thamani: meli ya Kijerumani Polarstern ilielea pamoja na barafu ya Aktiki, tangu Oktoba 2019 hadi Septemba 2020, ikipima mawingu na chembe zake.