Gari la wagonjwa litaijuaje njia ya kwenu?

Mpenzi msomaji, kama usiku huu mkeo au binti yako ataanza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, utamwelekezaje dereva wa gari la wagonjwa hadi afike mlangoni?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi hapa mkoani Dodoma, simu ilipigwa usiku wa mvua. Mama kajifungulia nyumbani, damu haikatiki. Dereva alikuwa mgeni. Aliambiwa, "Ukifika kwenye mbuyu mkubwa, kata kushoto." Ugogoni mibuyu mikubwa iko mingapi? Akakata kwenye mbuyu usio wenyewe, akakuta korongo limejaa, akarudi kuanza upya.

Mama alifika kwetu akiwa hai lakini hajitambui, tukamwongezea damu hadi alfajiri. Damu ya namna hii inaweza kumuua mama aliyekuwa mzima ndani ya saa chache. Dawa zilikuwapo kabatini. Muda ulipotelea njiani.

Ndiyo maana leo nazungumzia ramani.

Ramani huria ni nini?

Ramani nyingi za kwenye simu ni mali ya kampuni. Unaweza kupendekeza marekebisho, lakini uamuzi na taarifa hubaki kwa mwenye kampuni. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wa kawaida. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuisahihisha bila malipo, mradi ataje ilikotoka.

Hapa nchini si jambo geni. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora nyumba, mitaro na barabara katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Mkoani Mara, ramani ya aina hiyo imesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Anza na simu yako

Programu za Organic Maps na OsmAnd hutumia ramani hiyo. Ipakue ramani ya eneo lako ukiwa na mtandao. Baada ya hapo, simu itakuonyesha ulipo hata bando likiisha, kwa kuwa hupokea ishara za setilaiti moja kwa moja.

Kisha fanya haya ukiwa mzima:

1. Simama mlangoni kwako, weka alama, uandike namba za mahali hapo nyuma ya kadi ya kliniki. Wakati wa dharura zitume kwa meseji ya kawaida.

2. Pita njia ya kwenda zahanati na ya kwenda kituo kinachofanya upasuaji. Angalia makorongo yanayofunga njia wakati wa mvua.

3. Kama zahanati au barabara yenu haimo, muombe kijana anayejua simu aiongeze, lakini athibitishe kwanza kwa macho yake.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, piga 115 ya mfumo wa M-mama bila malipo. Na korongo likijaa, hakuna ramani itakayokuvusha. Mjamzito anayeishi ng'ambo ya korongo asogee karibu na kituo kabla ya wiki za mwisho.

Kama uko kwenye kamati ya kituo

Wazazi wenzangu mlio kwenye kamati za afya, mkiletewa mradi wa ramani ulizeni maswali matatu. Je, inafanya kazi bila mtandao? Je, taarifa zetu tunaweza kuzitoa na kuzihamishia kwingine? Mfadhili akiondoka, nani atalipia na nani atairekebisha?

Kwa maswali hayo, programu huria mara nyingi hujibu vizuri. QGIS huchora ramani kwenye kompyuta ya kawaida, na GeoServer huiweka kwenye seva ili ofisi nyingine ziisome. Zote hazina ada ya leseni. Lakini bure hapa haina maana ya kutogharimu kitu: mtaalamu lazima afundishwe, na seva inahitaji umeme na mtu wa kuitunza.

Tahadhari moja

Zahanati, visima na barabara viwe wazi kwa wote. Nyumba ya mgonjwa na ugonjwa wake, hapana. Usikubali ramani ya wazi ionyeshe nani anatumia dawa za kifua kikuu au VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda wagonjwa hao.

Mpenzi msomaji, jioni ya leo simama mlangoni, chukua zile namba, uziandike. Ni kazi ya dakika 5, na dereva mgeni hatalazimika kuhesabu mibuyu gizani.