Rangi inayoufichua mrija wa nyongo kabla ya kisu

Wasomaji wanaosubiri kutolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe wananiuliza: daktari anaweza kukata mrija usiohusika? Anaweza. Katika upasuaji wa matundu madogo hutokea kwa watu 3 hadi 5 hivi kati ya 1,000, na anayepatwa hupata shida kubwa: nyongo huvujia tumboni, ini hudhurika, na kurekebisha ni kazi ngumu kuliko upasuaji wenyewe. Mara nyingi jicho ndilo hudanganyika. Mfuko ukivutwa, mrija mkuu wa nyongo uliofunikwa na mafuta huonekana kama ule mfupi wa mfuko unaotakiwa kukatwa.

Rangi ya indosianini ya kijani, iliyoanza kutumika hospitalini miaka ya 1950, inasaidia hapo, na safari yake mwilini ni ya ajabu. Ikichomwa kwenye mshipa hushikana na protini za damu. Ini peke yake ndilo huichukua, kisha huimwaga kwenye nyongo ikiwa vilevile ilivyoingia. Kamera humulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 800 hivi. Rangi huunyonya na kurudisha mwingine wa nanomita 830 hivi, unaopenya milimita kadhaa za mafuta. Kwenye skrini mrija unang'aa kijani kabla nyama iliyoufunika haijaguswa. Ikichomwa dakika chache tu kabla ya upasuaji, ini nalo hung'aa mno na kuimeza mirija, ndiyo maana wengi huichoma saa kadhaa mapema. Utafiti wa mwaka 2019 wa wagonjwa 639 ulithibitisha kuwa mirija huonekana vizuri zaidi kwa rangi hii kuliko kwa mwanga wa kawaida.

Lakini palipovimba sana mwanga haufiki, na daktari bado lazima ahakikishe ni mrija mmoja na ateri moja tu vinavyoingia kwenye mfuko.

Rangi hii haina mionzi ya eksirei. Mwenye mzio wa iodini amwambie daktari mapema.

Sasa hawa wauza mafuta ya zeituni na limau ya "kutoa mawe". Vibonge vya kijani mnavyoonyeshwa chooni vilipimwa maabara mwaka 2005: havikuwa na kolesteroli wala kalsiamu, na kwa joto la nyuzi 40 viliyeyuka. Ni sabuni iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta hayohayo mliyouziwa! Huo ni utapeli, na unawachelewesha wagonjwa. Ukiwa na maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na homa au macho ya manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo.