Kamionete inayoomba maji kila asubuhi

Safari hii tunaacha kidogo mbegu na mbolea. Nyanya ikivunwa vizuri katika bonde la Ruzizi, bado inabaki kupanda Ngomo ili ifike Bukavu, na kwenye mlima kama ule ndipo motere mbovu inachemka. Gari inalala njiani, nyanya inaoza ndani ya vikapu, na koperative inapoteza mara mbili: mzigo na makuta ya fundi.

Mara nyingi alama ilikuwepo tangu zamani. Shofere alikuwa anaongeza maji kila asubuhi, kwanza lita moja, halafu mbili, na watu wakazoea. Lakini maji ya motere hayatumiki kama mazutu. Yanazunguka ndani ya njia iliyofungwa: yanachukua joto la motere, yanapoa katika radiatere, yanarudi. Kama yanapungua kila juma, kuna mahali yanatokea.

Mahali hapo patafutwe asubuhi, motere ikiwa imepoa kabisa. Kufungua kifuniko cha radiatere wakati kuna moto, hapana, hata kwa kitambaa! Maji ya ndani yamebanwa, yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukilegeza tu, yanakurukia usoni.

Jioni tandika karatoni kubwa chini ya motere. Asubuhi utaona tone limeanguka wapi, kisha fuata kwa macho kwenda juu. Bonyeza mipira ya maji kwa mkono: ikiwa imepasuka-pasuka au imevimba karibu na vibanio, ibadilishwe. Pengine ni kibanio tu kimelegea, na bisibisi inatosha. Kwenye radiatere, usitafute maji peke yake. Maji yakitoka juu ya chuma cha moto yanakauka haraka, yanaacha mstari mweupe au wa kutu. Mstari huo ndio ushahidi. Chini ya pompi ya maji kuko kitundu kidogo. Kikidondosha maji, pompi imechoka. Na kifuniko chenyewe, ambacho watu wanasahau: mpira wake ukikatika, nguvu inatoka na maji yanamwagika hata kama mabomba yote ni mazima. Anza na hicho, bei yake ni ndogo kuliko ya radiatere.

Kama nje kote ni kavu na maji bado yanapungua, hapo kuna neno. Toa kijiti cha kupimia mafuta ya motere. Mafuta yakiwa kama kahawa yenye maziwa, maji yameingia ndani yake. Moshi mweupe usiokwisha hata motere ikipata moto, au mapovu yanayopanda katika radiatere mara tu unapowasha, vinaonyesha kitu hicho hicho: kichwa cha motere, ile mafundi wanaita kilasi, hakifungi tena vizuri. Gari isitoke, hata kama ni siku ya soko. Fundi mwenye pompi ya kupimia anaweza kuhakikisha: anasukuma hewa katika radiatere, bila kupita namba iliyoandikwa kwenye kifuniko (mara nyingi karibu na bar 1), na anatazama kama mshale unashuka.

Kuhusu yai na pilipili ambavyo mashofere wanatia katika radiatere: vinaweza kuziba tundu, ni kweli, lakini vinaziba pia vijia vyembamba vya ndani. Vinakufikisha nyumbani, basi.

Naomba kila koperative iweke daftari ndani ya gari, shofere aandike tarehe na lita alizoongeza. Mashofere wakibadilishana, kila mmoja anafikiri maji aliyoongeza ni kidogo.

Maji ya mto yana udongo na chumvi, yanaacha ukoko ndani. Maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali, na dawa ya radiatere, ile ya rangi ya kijani au nyekundu, ni bora zaidi kwa sababu inazuia kutu. Lakini ile dawa ni sumu, na ladha yake ni tamu: mbwa na mbuzi wanailamba. Ukiitoa, ikusanye katika bidoni yenye kifuniko, mbali na watoto, wala usiimwage shambani au karibu na chemchemi.